Damu Inajibu Swali Lipi? Kuvu, Mapafu na Vipimo vya Maabara



Masika yakishika, dirisha la maabara hupata wateja wa namna moja. Anakuja mtu mzima, kifua kinambana, usiku anakohoa, na chumbani kwake ukuta uliopakana na bafu umepiga weusi kutoka sakafuni hadi usawa wa kitanda. Ugonjwa wake ameshaujua, anachotaka ni karatasi. "Nipimeni damu muone kama ukungu umeniingia." Nimeombwa nizungumzie ombi hilo, na nitasema mapema ninakoelekea. Kipimo cha damu cha kuvu ni kitu chenye thamani kubwa kwa wagonjwa fulani, na wengi wa wagonjwa hao hawakipati. Wanaokitafuta kwa bidii, aghalabu, hakiwafai kitu.

Tuanze na hewa ya ukumbi huu. Iko kuvu iitwayo Aspergillus fumigatus. Huishi kwenye majani yanayooza, kwenye mboji, udongo, nafaka na vumbi la stoo. Mbegu zake zina upana wa mikroni 2 hadi 3, udogo unaoziwezesha kupita puani, kupita kooni na kutua kwenye vifuko vya hewa mwisho kabisa wa pafu. Kila mmoja wetu huvuta mamia ya mbegu hizo kwa siku, wa nyumba ya vigae na wa nyumba ya makuti. Seli za kinga zilizomo mapafuni huzila, na sisi hatuna habari kwamba kulikuwa na shughuli. Kwa hiyo mtu akiuliza "je, nimekutana na kuvu?" hana haja ya kutoa damu. Amekutana nayo tangu siku alipozaliwa.

Maswali yenye maana ni mengine. Je, mwili umeifanyia kuvu mzio? Je, mapafu yamewaka kwa kuvuta vumbi lake mwaka nenda mwaka rudi? Au kuvu yenyewe imepata mahali pa kuota ndani ya kifua? Kila swali lina kipimo chake. Mtu anayeumwa kwa sababu ya kwanza akipewa kipimo cha sababu ya tatu, atatoka na namba iliyochapwa vizuri ambayo haimwambii lolote.

Swali la mzio ndilo jepesi. Kingamwili ziitwazo IgE, ambazo ndizo zinazobeba mzio, ziligunduliwa mwaka 1966 na 1967 na makundi mawili yaliyokuwa mbali kabisa: Kimishige na Teruko Ishizaka, mume na mke, huko Denver, Marekani, na Johansson na Bennich huko Uppsala, Uswidi. Leo maabara yenye mashine inaweza kuuliza kama damu ina IgE inayoilenga Aspergillus, au kuvu nyingine kama Alternaria na Cladosporium. Mwenye pumu ambaye kifua humbana kila anapofagia ghala, na damu yake ikaonyesha IgE ya kuvu, huyo tumemjua. Lakini IgE hiyohiyo hupatikana pia kwa watu ambao kuvu haijawahi kuwapigisha hata chafya, kwa hiyo simulizi ya mgonjwa ndiyo inayoipa namba uzito.

Kwetu liko jambo jingine, nalo ni minyoo. Iko aina kali ya mzio wa Aspergillus inayowapata wenye pumu, iliyoelezwa kwanza Uingereza mwaka 1952 na madaktari Hinson, Moon na Plummer. Wagonjwa hukohoa vipande vigumu vya kahawia, na njia za hewa huharibika na kutanuka. Kigezo kimojawapo cha kuitambua kilikuwa IgE ya jumla inayozidi yuniti 1,000 kwa mililita. Mwaka 2024 wataalamu wakakishusha hadi 500. Sasa, IgE ya jumla huhesabiwa bila kuulizwa inamlenga nani. Minyoo ya tumboni huipandisha sana. Mtoto anayecheza pekupeku kwenye udongo wenye mayai ya askarisi anaweza kuzipita namba hizo na mapafu yake yakawa salama salimini. Daktari wa huku akisoma kigezo cha kitabuni bila kukumbuka choo cha shimo na kisima cha jirani, atawaandikia kuvu watu waliostahili dawa ya minyoo. Ndiyo maana mimi huanza na IgE inayoilenga Aspergillus yenyewe, halafu ndipo niangalie ya jumla.

Swali la pili lina historia ndefu zaidi, na mniruhusu nikae nalo kidogo.

Kiangazi cha mwaka 1931 kaskazini ya Uingereza kilikuwa cha mvua. Nyasi za kulishia ng'ombe zilivunwa zikiwa na maji, zikarundikwa mabandani, zikapata joto, zikavunda. Mwaka uliofuata daktari wa Westmorland, Campbell, akaandika habari za wafanyakazi wa mashambani walioshindwa kupumua baada ya kuzishika nyasi hizo. Mtindo wa ugonjwa ulikuja kujulikana vizuri baadaye. Mkulima hupakua nyasi asubuhi akiwa mzima. Saa nne hadi nane baadaye homa humpanda, anatetemeka, anakohoa, pumzi inakuwa fupi. Kesho yake au keshokutwa amepona, anarudi bandani. Ingekuwa kwetu angekunywa dawa ya malaria, na kwa vile homa hiyo hushuka yenyewe, angeapa kwamba dawa imemponya. Akiendelea hivyo kwa miaka, mapafu huingia makovu, na hapo hayarudi.

Hapakuwa na njia ya kujua ni kitu gani ndani ya nyasi kilichodhuru, mpaka Jack Pepys, daktari mzaliwa wa Cape Town aliyefanya kazi London, alipotumia damu ya wagonjwa kukitafuta. Kifaa chake kilikuwa cha bei rahisi, cha mtindo uliobuniwa na Msweden Ouchterlony miaka ya 1940. Unachukua sahani ya kioo, unamimina juu yake utandu wa agari iliyoyeyushwa, unauacha ugande. Unatoboa vishimo viwili vilivyokaribiana. Kimoja unakitilia majimaji yanayobaki damu ikishaganda, kingine mchujo wa nyasi zilizovunda. Unafunika ili isikauke, unaiacha siku mbili tatu. Protini za pande zote mbili hujongea taratibu ndani ya agari. Kama damu ina kingamwili za kutosha za aina ya IgG, zitakapokutana na kitu zinachokilenga zitagandamana, na katikati ya vishimo utatokea mstari mweupe mwembamba. Ukiiangalia sahani kwa juu huuoni. Lazima uinyanyue, uielekeze kwenye taa kwa upande, nyuma pakiwa na giza.

Mwaka 1963 Pepys na wenzake walitangaza mkosaji. Hakuwa ukungu! Walikuwa ni bakteria wenye nyuzinyuzi wanaofanana na kuvu, wanaopenda joto la nyuzi 50 hadi 60, joto ambalo nyasi mbichi zilizorundikwa hulitoa zenyewe. Ukungu wote ule mweupe na wa kijani uliokuwa ukisingiziwa ulikuwa jirani tu wa mhalifu. Jamaa yao mwingine ndiye anayewaumiza wanaoshika makapi ya miwa yaliyovunda, ugonjwa ulioandikwa huko Louisiana mwaka 1941. Kama kuna mtu hapa ametoka kiwanda cha sukari na analijua rundo la makapi lililokaa nje misimu miwili, ningependa tuzungumze baada ya hapa.

Sasa tatizo. Mstari ule mweupe ulionekana kwa wagonjwa walio wengi. Ulionekana pia kwa wakulima wazima, waliokula nyama, wakalala vizuri, wakafagia banda kesho yake. IgG ni mhuri wa pasipoti. Unaonyesha ulipita mpakani Namanga; hauonyeshi kama pale Namanga uliibiwa. Na katika miaka 60 iliyofuata mashine zimebadilika, sahani za agari zimewekwa kabatini, namba sasa hutoka na desimali, lakini udhaifu huo haujaondoka, kwa sababu hauko kwenye mashine. Mwongozo wa mwaka 2020 wa vyama vya madaktari wa mapafu vya Marekani, Japani na Amerika ya Kilatini unaipa IgG kiti pembeni ya simulizi ya mgonjwa, CT skani na majimaji yaliyooshwa kutoka mapafuni. Haikai peke yake.

Wajapani wana mfano mzuri wa kipimo hiki kikitumika vyema. Kwao upo ugonjwa wa mapafu wa kiangazi, unaotokana na kuvu iitwayo Trichosporon inayoota kwenye mbao zilizolowa za nyumba za zamani. Mgonjwa hukohoa na kupata homa kila kiangazi, anapona baridi ikiingia. Akilazwa hospitali hupata nafuu bila dawa kubwa, akirudi nyumbani siku hiyohiyo anaanza tena. Hapo damu ikionyesha IgG ya Trichosporon, nani atabisha? Tiba ni fundi seremala. Mbao zilizooza zinang'olewa, au familia inahama.

Mteja wetu wa dirishani hayumo katika hali hizo, na ndiye anayeuziwa vipimo. Duniani kuna maabara zinazotoza watu fedha nyingi kwa orodha ndefu ya IgG za kuvu kumi, ishirini, na zinazopima sumu za kuvu kwenye mkojo. Mwaka 2015 CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilitoa onyo kuhusu vipimo hivyo vya mkojo: havijathibitishwa kwa utambuzi wa ugonjwa, na sumu hizo hupatikana kwenye mkojo wa watu wazima kwa sababu ziko kwenye chakula. Sisi tunaokula mahindi na karanga hatuna haja ya kufundishwa hilo. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, mahindi yenye sumukuvu yaliwafanya watu 317 waugue na kuwaua 125, na kipimo cha damu kilichotafuta sumu iliyonatana na protini ya albumini kilioana na mahindi waliyokuwa nayo majumbani. Damu ilisema kweli siku zile, ila ilisema kuhusu ini na ugali. Kuhusu kifua na ukuta haikuulizwa, na isingejibu.

Ukuta nao usipuuzwe kwa sababu damu imenyamaza. Jijini Cleveland, Marekani, mwaka 1993 na 1994 watoto wachanga walitokwa damu mapafuni, na uchunguzi wa kwanza ukaelekeza kidole kwenye kuvu nyeusi ya Stachybotrys. Hofu ya "ukungu mweusi" iliyoenea dunia nzima ilianzia hapo. Mwaka 2000 CDC ikarudia hesabu na kusema uhusiano huo haukuthibitika. Wengi walidhani maana yake ukungu hauna neno. Hapana. Ripoti ya Taasisi ya Tiba ya Marekani ya 2004, na mwongozo wa WHO kanda ya Ulaya wa 2009, zote zinakubali kwamba unyevunyevu na ukungu wa ndani unaambatana na kikohozi, kukoroma kwa kifua na pumu kuzidi. Na mwezi Desemba 2020, Rochdale, Uingereza, alifariki mtoto Awaab Ishak aliyekuwa ametimiza miaka miwili tu, na mchunguzi wa vifo akaamua kwamba chanzo ni ugonjwa mkali wa njia ya hewa uliotokana na kuishi muda mrefu kwenye ukungu. Baba yake alikuwa amelalamika miaka kadhaa kwa wenye nyumba. Sheria iliyopewa jina la mtoto huyo ilianza kutumika Oktoba 2025: mpangaji wa nyumba za jamii akitoa taarifa ya ukungu unaohatarisha, mwenye nyumba ana siku 10 za kazi kuuchunguza, na penye dharura saa 24. Someni sheria hiyo mwanzo hadi mwisho, hamtaona mahali mpangaji anapoambiwa alete kwanza majibu ya damu. Bomba linalovuja linazibwa kwa sababu linavuja.

Nimefika kwenye swali la tatu, na hili ndilo lililonifanya nikubali mwaliko.

Kifua kikuu, yaani TB, kikipona mara nyingi huacha tundu ndani ya pafu. Bakteria wamekufa, dawa zimemalizwa, kadi imegongwa mhuri, tundu limebaki. Ndani ya tundu hakuna mzunguko mzuri wa damu na seli za kinga hazifiki kwa urahisi. Mbegu ya Aspergillus ikitua humo inaota. Miezi inapita, kuta za tundu zinanenepa, wakati mwingine nyuzi za kuvu zinajisokota kuwa donge, na kwenye eksirei unaliona limekaa na ukanda wa hewa juu yake. Mgonjwa akigeuka upande, donge nalo huhama. Sasa huyu mtu anakohoa tena. Anakonda, jasho la usiku limerudi, siku moja anatema damu. Nani kati yetu hatasema TB imerudi? Makohozi yanapimwa, hayana kitu. Anaandikiwa TB isiyoonekana kwenye makohozi, anaanzishiwa dawa upya. Miezi sita. Hapati nafuu, watu wanasema hamezi dawa, anaulizwa kuhusu pombe.

Waingereza waliliona hili mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walipima damu za watu 544 waliobaki na matundu ya sentimita 2.5 au zaidi baada ya TB, kwa njia ileile ya agari, na robo yao walikuwa na mstari wa Aspergillus. Halafu TB ikapungua kwao na habari ikalala. Kwetu ambako TB haikupungua, tulilala nayo pia. Utafiti uliotuamsha ulifanyika Gulu, kaskazini mwa Uganda, ukachapishwa mwaka 2019. Watu waliokwisha kutibiwa TB walifuatiliwa kwa picha, dalili na IgG ya Aspergillus. Katika jumla ya waliopimwa tena baada ya miaka miwili, asilimia 4.9 walikuwa na ugonjwa sugu wa kuvu ya mapafu. Lakini ugawanye watu hao kwa eksirei. Wasio na tundu, asilimia 0.8. Wenye tundu, asilimia 26.

Mtaniuliza, mbona hapa naiamini IgG niliyoikejeli muda si mrefu? Tufanye hesabu ya mfano. Tuchukulie kipimo kinawanasa wagonjwa 90 kati ya 100, na kinawasingizia 5 kati ya 100 wasiougua. Tuwapime watu 1,000 wenye ukuta wenye ukungu, ambao kati yao ni mmoja tu kuvu imeota kifuani. Tutapata majibu chanya kama 51, na 50 kati yake ni ya uongo. Sasa tuwapime watu 100 wenye tundu la TB, kwa hesabu ya Gulu. Wagonjwa ni 26, tutawanasa 23, na wanaosingiziwa ni wanne. Chupa ni ileile, mashine ni ileile, hata mtaalamu ni yuleyule aliyekunywa chai yake. Kilichobadilika ni nani aliyekaa kwenye kiti cha kutolewa damu.

Tena siku hizi si lazima mashine. Kuna kifaa kidogo cha plastiki, kimetengenezwa Lyon, Ufaransa, kinachofanya kazi kwa mtindo wa kile cha kupimia malaria: tone la majimaji ya damu, dakika 30, mstari. Mwaka 2018 wataalamu walichapisha utaratibu wa nchi zisizo na vifaa vingi. Dalili za miezi mitatu au zaidi, picha inayoonyesha tundu au donge, IgG chanya au ushahidi mwingine wa kuvu, na TB iwe imetafutwa ikakosekana. Vyote hivyo hospitali ya wilaya inaviweza, isipokuwa kifaa chenyewe, ambacho hakiagizwi kwa sababu hakiombwi, na hakiombwi kwa sababu hakipo.

Kubahatisha hakutoshi, na sababu ni ya kifamasia. Dawa ya kuvu inayopatikana kwa vidonge ni itrakonazoli, iliyoingizwa na WHO kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2017, nayo humezwa miezi sita au zaidi. Rifampisini, mhimili wa tiba ya TB, hulichochea ini kuivunja itrakonazoli mpaka inabaki kidogo mno kwenye damu. Daktari asiyejua ni kipi kati ya magonjwa mawili, akiamua kumpa mgonjwa zote ili alale salama, amempa ya TB peke yake. Mwenye donge moja linalomtoa damu nyingi, upasuaji ndio unaomfaa, kama mapafu yaliyobaki yataumudu.

Niseme kwa ufupi kuhusu wagonjwa wa saratani ya damu na wengine ambao kinga imeshuka kabisa. Kwao kingamwili hazisaidii, kwa sababu mwili hauna nguvu ya kuzitengeneza. Maabara hutafuta kipande cha ukuta wa kuvu yenyewe, galaktomanani, kinachoelea kwenye damu. Hilo ni somo la siku nyingine, na la hospitali kubwa.

Ombi langu ni kwa madaktari na matabibu waliomo humu. Fomu ya maabara ina nafasi ya maelezo ya mgonjwa, mistari mitatu, na karibu kila siku inanifikia tupu, au imeandikwa "kikohozi". Niandikieni alitibiwa TB mwaka gani na kama alimaliza. Niandikieni eksirei inaonyesha nini, tundu lipo au halipo, upande gani. Niandikieni anafanya kazi gani, ghalani, kiwandani, ofisini, na kama akisafiri kikohozi kinapungua. Kama mmempa dawa ya minyoo hivi karibuni, hilo nalo liandikwe. Nitajua nipime nini, na mara nyingine nitawapigia simu kuwaambia damu hiyo msiitoe.